Koti la Mwizi wa Tatu

Hati ya mahojiano ikiwa safi mno, ujue mwandishi wake amekosea mahali. Suzanne Byaombe aliliamini hilo tangu mwaka wake wa kwanza katika kazi ya upelelezi, na Alhamisi ile, saa mbili asubuhi, katika ofisi ndogo mjini Baraka, alikuwa anasoma hati safi kupita zote alizowahi kuzishika. Haikuwa na mfuto hata mmoja. Wakubwa wake wa Fizi walimtuma kuikagua kabla mshitakiwa hajapelekwa Uvira, na gari la Uvira lilikuwa linaondoka saa saba mchana.

"Iko kitu inakusumbua, Madame?" aliuliza Lionel, mpelelezi wa Baraka aliyeiandika.

"Bado nasoma."

"Ni mambo ya wazi. Kijana alisema ataiba, akaiba."

Suzanne aligeuza ukurasa. Wazi kwa nani, hilo ndilo alilotaka kujua.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Jumapili ya wiki iliyopita kundi la maigizo la Baraka lilikwenda Swima, kijiji cha wavuvi na wachuuzi kando ya ziwa, katika barabara hiyo hiyo ya Uvira, likacheza mchezo juu ya mwizi wa moteri, yaani injini ya mtumbwi. Katikati ya mchezo mwizi alisimama mbele ya watu akaeleza namna ya kuiba kwa akili. Usiibe usiku, usiku wote wanalinda. Iba mchana, siku ya soko. Mwaga makala, yaani makaa ya kupikia, ya gunia moja, tia moteri ndani, funika juu kwa makala kidogo, kisha acha gunia lako kando ya barabara kama mtu anayengoja lori. Watu walicheka mpaka machozi. Jumamosi iliyofuata, siku ya soko, moteri ya akina mama wauza samaki wa Swima ikaondoka kwa njia hiyo hiyo. Nyuma ya banda lao lilibaki rundo la makala, na hakuna aliyejua lori lililobeba gunia lilikuwa la nani.

Jumanne Lionel alimkamata Irakiza, mchezaji aliyecheza mwizi.

Ndani ya hati kulikuwa na mashahidi tisa, na wote tisa waliulizwa maswali mawili yale yale. Nani alieleza namna ya kuficha moteri katika gunia? Mwizi. Katika mchezo ule mwizi alikuwa nani? Irakiza. Kisha saini, au dole gumba.

Shahidi wa kumi alikuwa Wilfried, mlinzi wa moteri. Yeye alisema kwamba siku ya wizi alikwenda kula, na aliporudi alimwona mtu kwa mgongo akitoka bandani na gunia. Hakuona uso. Aliona koti la kahawia, lile lile la mchezo, mikono yake imekunjwa mara mbili.

Mwisho kulikuwa na mashitaka yenyewe, yenye saini ya Mama Espérance, kiongozi wa wale akina mama na mzazi wa Wilfried, pamoja na picha moja iliyopigwa kwa simu. Ilimwonyesha mtoto wa Swima akila mandazi. Nyuma ya mtoto paliingia kwa bahati pindo la koti la kahawia na ukingo wa mkeka.

"Hii picha ni ya nini?"

"Inaonyesha Irakiza mu koti ya mwizi," Lionel alisema.

"Uso uko wapi?"

"Koti njo ile, ndiyo hiyo hiyo, Madame."

"Hawa bantu tisa, kuna swali ingine uliwauliza?"

"Swali gani ingine?"

Suzanne alifunga jalada akaomba ufunguo wa kasho, chumba cha mahabusu.

Irakiza alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mrefu hata ukiwa umekaa naye chini. Alizaliwa Bibokoboko, juu milimani, kwa Wanyamulenge wafuga ng'ombe, akateremka Baraka kusomea ualimu. Moteri aliijua kwa macho tu. Tangu Jumanne alikuwa anasikia watu wakipita nyuma ya ukuta, na maneno yao yalikuwa yanabadilika. Jumanne walisema Irakiza ameiba. Jumatano walikuwa wanasema Wanyamulenge wameiba, na maneno ya namna hiyo huko kwao hayabaki maneno kwa muda mrefu.

"Ile mambo ya gunia ya makala, ni we ulisema?"

"Hapana, Mama Inspecteur."

"Bantu tisa banasema ni mwizi alisema. Na mwizi ni wewe."

"Mi ni mwizi wa kwanza."

"Wa kwanza namna gani?"

"Ku Swima ile siku tulikuwa na bezi bane, si mwizi mumoja. Mi naanza, kisha bantu banapanda, moja moja, banacheza fasi yangu, mahali pangu."

"Mwenye alisema mambo ya gunia alikuwa wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Njo nani?"

Irakiza alitazama vidole vya miguu yake.

"Hatutajake."

"Kijana, saa saba unapanda gari. Ukifika Uvira, jalada yako inawekwa chini ya majalada ingine, na utakaa pale mpaka siku moja muntu akumbuke jina yako. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Na hutaji?"

"Muulize Constance. Mi niko muchezaji tu."

Suzanne alitoka akiwa na hasira, na hasira zake hazikuwa za Irakiza peke yake. Aliwachukia watu wanaokaa kimya kwa adabu. Mwongo unaweza kumfuata, maana njia ya mwongo ni fupi, lakini mtu aliyenyamaza utamfuata wapi?

Constance aliwahi kufundisha Kifaransa shuleni, na sasa alikuwa anaandika michezo ya kundi lile. Alikaa nyuma ya nyumba yake karibu na bandari, mbele ya meza iliyofunikwa kwa kitambaa cha plastiki, na juu ya meza palikuwa na daftari kubwa la jalada gumu. Alilifungua kabla ya kuombwa. Ukurasa wa kushoto ulijaa maandishi ya wino. Wa kulia ulikuwa karibu mweupe, una mistari michache ya kalamu ya risasi.

"Huku ni yangu," alisema akigusa kushoto. "Huku ni ya bantu. Mi naandikaka mpaka fasi mambo inaharibika kabisa, kisha naacha. Siandikake mwisho. Tukifika pale nasimamisha muchezo, nauliza bantu: mungefanya namna gani? Mwenye anataka anapanda ku mukeka, anavaa nguo ya mwenye alikuwa anacheza, anaendelesha vile anajua."

"Na bakikataa kupanda?"

"Njo maana naandikaka makosa."

"Makosa?"

Constance alimwonyesha mstari mmoja wa wino mwekundu. Katika mstari huo mwizi anafungua moteri kwenye mtumbwi, anaibeba begani na kukimbia, huku mpira wa esansi, yaani petroli, ungali umeunga moteri na tangi.

"Tulicheza hii ku Fizi, kule mulimani. Hakuna mwenye aliona kitu. Ku Swima, Irakiza alikuwa bado hajatembea hatua tatu, bazee balianza kulia kama bamechomwa. Muntu wa Swima hainukake juu ya kusaidia, Madame. Anainuka juu ya kukosoa. Basi namuwekea kitu ya kukosoa."

Suzanne alikuwa amefanya kazi Swima miaka miwili. Ilimbidi akubali kwamba mwanamke huyu anawajua watu wake.

Aliuvuta ukurasa wa kulia. Mwizi wa pili: anatoa mpira ya esansi kwanza, makofi. Mwizi wa tatu: hapana usiku, ni soko, gunia ya makala, anakunja mikono ya koti mara mbili. Mwizi wa nne: mulevi, analala mu mtumbwi. Basi. Hapakuwa na jina hata moja.

Aliweka kidole juu ya mwizi wa tatu.

"Mikono ya koti. Juu ya nini uliandika hiyo?"

"Naandikaka kila kitu. Mwenye kukunja mikono hachezi tena, anafanya kazi. Nilitaka kuitia mu muchezo."

"Irakiza anaikunjaka?"

"Akunje nini? Irakiza?" Constance alitaka kucheka, akaacha.

"Nipe jina ya huyu wa tatu."

"Hapana."

"Bibi, kuna muntu mu kasho."

"Najua kuna muntu mu kasho, ni mimi nampelekeaka chakula." Constance alilifunga daftari. "Hapa kwetu ukicheza mwizi leo, kesho mbuzi ikipotea banakuja kubisha kwako. Njo maana mbele ya kuanza nawaambia bantu bote, na chef wa kijiji anasikia: mwenye kupanda hatatajwa, hapa ao fasi ingine. Nikitaja mumoja, hakuna mwenye atapanda tena, na mi nitabakia na makaratasi meupe."

"Unalinda batazamaji. Na muchezaji wako nani anamulinda?"

Hilo lilimwingia. Constance alisugua kitambaa cha meza kwa kidole gumba, kama kwamba kuna doa.

"Jana nilienda kumuona," alisema mwisho. "Nilimwambia, Irakiza, mi naenda kusema, ahadi yangu ikufe tu. Akanikataza. Akasema bado."

"Bado nini?"

"Hakuniambia."

Suzanne alitoa ile picha ya mtoto na mandazi, akaiweka juu ya daftari. Alionyesha kwa ncha ya kalamu. Kando ya mkeka, mbele ya pindo la koti, palikuwa na jozi ya buti za mpira, nyeusi, na moja imezibwa ubavuni kwa kiraka chekundu cha mpira wa baiskeli.

"Hizi ni za Irakiza?"

"Hapana. Bachezaji banaacha bilatu nyuma ya pazia."

"Na hizi ziko mbele."

"Mukeka tunaazimaka mu nyumba ya muntu, hakuna mwenye ataukanyaga na bilatu. Mwenye anapanda anavua pale…" Constance aliisukuma picha mbali. Aliona amekwisha sema.

Kwa hiyo wakati picha inapigwa, buti zilikuwa zinamngoja mwenyewe, na mwenyewe alikuwa juu ya mkeka ndani ya koti. Lionel alikuwa ameweka katika jalada lake mwenyewe ushahidi kwamba aliyevaa koti hakuwa Irakiza. Kuuliza si ujinga, Suzanne aliwaza, lakini kuuliza maswali mawili tu na kutosheka ni ujinga kamili. Mashahidi tisa walijibu walichoulizwa, na hakuna kati yao aliyesema uongo.

"Niazime koti," alisema.

Saa tatu na nusu walimvalisha Irakiza lile koti mbele ya mlango wa kasho, Lionel akiwa shahidi. Halikumtosha. Mikono ya koti ilimfika katikati ya kiwiko na kiganja, na alipoinyosha mikono yake akaonekana kama mtu aliyeazima nguo ya mdogo wake. Suzanne alimwambia aikunje mara mbili. Irakiza alijaribu kwa heshima. Hapakuwa na kitu cha kukunja.

"Wilfried aliona mikono imekunjwa mara mbili," Suzanne alisema.

Lionel alikuna shingo.

"Pengine alikosea."

"Hakukosea. Aliona koti na mikono imekunjwa, lakini aliiona Jumapili, ku muchezo, ku mwili ya muntu mufupi. Kisha akakuletea wewe, akasema ni ya Jumamosi. Muntu akitunga bongo, akitunga uongo, anaazima vitu fasi aliviona."

"Madame, mikono ya koti haitoi muntu mu kasho. Mashitaka iko na jina ya Irakiza, na Mama Espérance ametia saini. Procureur wa mashitaka ataniuliza, mwenye kushitaki amesema nini? Nitamujibu nini? Koti?" Hakuwa mtu mbaya Lionel, alikuwa mtu wa karatasi. "Gari itapita Swima. Ukipata karatasi ingine, simama ku barabara."

Pikipiki ilimfikisha Swima kabla ya adhuhuri, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Akina mama walikuwa ufukoni mbele ya meza zao za samaki, na meza zilikuwa karibu tupu, kwa sababu mtumbwi wao mkubwa, unaokwenda kupokea samaki kwa wavuvi wa mbali, ulikuwa umevutwa mchangani bila moteri. Walimwamkia. Mmoja alimletea maji ya kunawa uso. Mama Espérance alikuwa mwisho wa safu, mwanamke mfupi, mnene wa mabega, sauti yake inafika kabla yake. Alikuwa amevaa buti nyeusi za mpira. Ya kushoto ilikuwa na kiraka chekundu.

Suzanne alimwomba wakae pembeni, kando ya mtumbwi. Mama Espérance alikataa kukaa.

"Mumepata moteri yetu?"

"Bado, mama. Hizi bottes, uko na zingine?"

"Za nini? Niko na hizi tu, naingia nazo mu maji."

Suzanne alimpa picha. Mama Espérance aliitazama kwa muda mrefu.

"Ni mutoto ya jirani. Anakula beignet."

"Nyuma yake."

Upepo wa ziwa ulikuwa unaitikisa karatasi, akaishika kwa mikono miwili. Kisha akairudisha.

"Njo mimi," alisema. "Nilivaa koti. Ni kosa?"

"Hapana. Juu ya nini ulipanda?"

"Juu ile kijana alikuwa anaiba kama mujinga! Mpira ya esansi inamufuata kama mukia. Na yule wa pili alitoa mpira, lakini alitaka kwenda usiku. Nani anaibaka usiku hapa? Nilitaka Wilfried aone. Ye njo mulinzi yetu, na mchana analalaka. Nikasema, leo ataona vile mwizi mwenye akili anakuja."

"Jumanne ulisikia Irakiza amekamatwa juu ya hayo maneno yako."

"Nilisikia."

"Ukatia saini."

"Mi nilienda kusema moteri imepotea. Ile jina, Bwana Lionel njo aliileta. Alinisomea, nikatia saini."

"Na bantu ya Swima, balikuona bote. Hakuna mwenye alisema?"

"Baliulizwa?"

Mama Espérance alitazama upande wa wenzake, akapunguza sauti, jambo ambalo pengine hakulifanya mara nyingi.

"Moteri ni ya bamama makumi mbili, Madame. Tuliinunua na samaki ya miaka mitatu. Ningeenda kwabo nikasema nini? Mi njo nilifundisha mwizi? Nilipata haya. Naona haya mpaka sasa."

Angeweza kuishia hapo. Neno lile lilitosha kutikisa mashitaka, na mtu mwenye haraka angelichukua na kurudi barabarani. Lakini haya haimfanyi mtu aangalie nyumba yake kila anapomaliza sentensi, na Mama Espérance alikuwa ameiangalia mara tatu.

"Ile makala ilimwagwa nyuma ya banda, ilikuwa ya nani?"

"Ya mwizi."

"Mwizi alitoka Baraka na gunia ya makala ku pikipiki, akaimwaga hapa, akarudi?"

Mama Espérance aliiangalia nyumba mara ya nne.

"Mama, nimekaa Swima. Hapa muntu akipoteza kuku, kijiji kizima inajua mbele ya jua kushuka. Nani alilia gunia yake ya makala?"

"Hakuna mwenye alilia," alisema Mama Espérance polepole.

"Basi ilitoka mu nyumba yenye haikutaka kulia."

Nyuma ya nyumba ya Mama Espérance magunia ya makala yalikuwa yamepangwa ukutani, na kati ya mawili palikuwa na nafasi. Hawakuhitaji kwenda kuitazama. Suzanne alimwambia lililobaki, bila kuongeza wala kupunguza: kwamba Wilfried aliapa kuona koti lenye mikono iliyokunjwa mara mbili, na kwamba Irakiza koti lile linamfika hapa, akaonyesha mkononi mwake mwenyewe.

"Nani aliikunja, mama?"

"Ilikuwa ndefu," Mama Espérance alisema. "Ilikuwa inanifunika vidole."

Ndipo akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Suzanne, mwenye wana watatu, hakuona haja ya kumfafanulia mtu jambo hilo.

"Nitakwambia mambo mbili tu," alisema. "Ukinyamaza, nitaandika mawazo yangu, na mawazo ya mupelelezi ni karatasi. Irakiza ataenda nayo Uvira. Na hapa nyuma bantu banaendelea kusema ni Banyamulenge, mpaka siku moja mujinga mumoja ashike jiwe. Ukisema we mwenye ulishitaki, anashuka leo, hapa, mbele ya macho ya bote."

"Na mutoto yangu anapanda."

"Ndiyo. Yako anapanda."

Mmoja wa wenzake alimwita Mama Espérance akiuliza bei ya fungu la mwisho, naye akapunga mkono bila kugeuka. Suzanne alingoja. Alikuwa hodari wa kungoja, ingawa hakuipenda kazi hiyo.

"Wilfried!" mama aliita mwisho, kwa ile sauti yake ya siku zote.

Alitoka nyuma ya nyumba, mwanamume wa miaka ishirini na minne, amevaa fulana ya mpira wa miguu na usingizi bado umo usoni. Alimwona Suzanne akapunguza mwendo.

"Onyesha Madame vile ulifanya," mama yake alisema.

"Vile nani alifanya?"

"Vile ulifanya. Makala ile ni yetu."

Wilfried aliangalia nyumba, akaangalia ziwa. Alikuwa na nafasi ya kukana, na Suzanne aliona akiipima. Kisha mabega yakashuka.

Aliongea amesimama, upesi, kama mtu anayetaka kumaliza. Dereva wa lori la makala alitaka moteri. Dereva huyo alikuwa na mashine ya kuvuta maji, akampa Wilfried badala yake. Mashine ilikwisha kwenda Lulimba, kwa rafiki wa Wilfried mwenye shimo la dhahabu, na yeye alikuwa amfuate wiki ijayo. Alikuwa amechoka kulinda kitu cha wengine kwa kupewa samaki. Jina la dereva alilijua, akalitaja, na Suzanne akaliandika.

"Na koti?"

"Bwana Lionel alisema, pengine ilikuwa Irakiza? Nikaona ni heri niseme koti."

"Kwa hiyo haukumuona muntu."

"Sikumuona." Alimgeukia mama yake, na sasa sauti ilikuwa ya mtoto. "Lakini mama, si we njo ulionyesha? Mbele ya kijiji kizima. Mi ningejulia wapi?"

"Nilikuonyesha juu ulinde," Mama Espérance alisema.

Suzanne aliliandika hilo pia, neno kwa neno, ingawa sheria haikulihitaji. Kisha akamsomea mama maelezo yote, mara mbili, taratibu, akamuuliza kama kuna jina ambalo si yeye aliyelileta. Mama Espérance akasema hakuna. Akatia saini.

Gari lilifika saa tisa. Lionel alishuka, akaisoma karatasi akiwa amesimama katikati ya barabara, akaisoma tena. Karatasi hii ilikuwa na mifuto minne. Hakuuliza swali. Alipanda nyuma akafungua pingu, na Irakiza akateremka kwa uangalifu, magoti yamekufa ganzi kwa safari.

Akina mama wa samaki walikuwa wamekusanyika kando ya barabara. Mama Espérance alitoka kati yao akaja mpaka mbele yake, na ikambidi ainue uso ili amtazame.

"Siku mbili unalala ku simenti," alisema. "Na ulinijua. Koti uliivua mwenyewe ukanipa mu mikono. Juu ya nini hukunitaja?"

Irakiza alikuwa anasugua kifundo cha mkono.

"Ningekutaja, bangesema Munyamulenge anasingizia mama ya bantu. Nani angeniamini? Nikaona heri nikungojee useme we mwenyewe."

"Na kama singesema?"

Irakiza alimtazama Wilfried akipandishwa nyuma ya gari, akikalishwa pale pale alipokuwa amekaa yeye, na Lionel akifunga pingu kwenye chuma.

"Ningekuwa Uvira," alisema.